Tulikwenda Musoma Bila Sababu

Jumapili ambayo mchungaji alisimama mbele ya kanisa letu akatangaza kwamba nisivae tena joho la kwaya, mimi sikuwepo kusikia. Nilikuwa Musoma, nimekaa juu ya jiwe kando ya ziwa, miguu ndani ya maji, nakula sato wa kukaanga na mume wangu. Nilikuwa nimevaa gauni la njano. Sato alikuwa amekaangwa vizuri, ngozi imekauka na nyama ya ndani bado laini. Nayasema haya kwa sababu wengi mmeniuliza kama habari iliniliza.

Sikulia. Nilimaliza samaki kwanza.

Tangu turudi, kila nikienda kwenye chanja kugeuza dagaa kuna anayesogea kuniuliza ilikuwaje. Kila mmoja nimemweleza kipande, na sasa vipande vinazunguka kijijini vikiwa vimeunganishwa vibaya. Yupo anayesema tulilewa. Yupo anayesema tulikimbia na maiti. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha waanika dagaa, nimezoea kuandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea. Basi nimeandika. Anayetaka kujua asome, asiyetaka aendelee na habari za bombani.

Mume wangu Masatu anavua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa, wanatawanyika ziwani. Siku hizo mitumbwi hupandishwa mchangani na wanaume hulala nyumbani kama watu wengine. Harusi zetu, kesi za mipaka, hata vikao vya wazee wa kanisa, ambao wengi wao ni wavuvi, vyote hungoja mwezi mkubwa. Safari hii redio ilitangaza tamasha la bure mjini Musoma, Jumamosi na Jumapili, ngoma na muziki na mashindano ya mitumbwi, hakuna kiingilio. Masatu alihesabu kwa vidole, akaona linaangukia mwezi mkubwa. Akazima redio.

"Twende," akasema.

Nilijua neno hilo limetoka wapi. Tangu tuoane tumesafiri pamoja mara nyingi, na kila mara kuna mtu amekufa. Tumezika kwao, tumezika kwetu, tumevuka hadi Ukerewe kuzika. Tuliporudi kutoka kumzika mama yangu, Masatu aliniambia ndani ya basi, "Siku moja tutasafiri mimi na wewe bila mtu kufa." Nilidhani ananifariji tu.

Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya, mchungaji aliniita mbele ya wenzangu. Mimi ndiye mwanzishaji wa kwaya yetu. Hatuna kinanda, kwa hiyo wimbo hauanzi mpaka mimi nitoe sauti ya kwanza, wengine waidake.

"Mama Editha, nasikia mnakwenda Musoma. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna, baba mchungaji."

"Msiba?"

"Hakuna."

"Harusi basi."

"Tunakwenda kwenye tamasha, baba. Kutembea tu."

Alivua miwani. "Mtu mzima, mwanzishaji wa kwaya, anafunga nyumba yake anakwenda kwenye ngoma za mjini bila sababu? Ukienda, ukirudi joho liache kwenye msumari."

Wenzangu wote walitazama sakafu. Nilitazama joho langu pale lilipotundikwa, la bluu, kola nyeupe.

"Sawa, baba," nikasema. "Lakini asipewe mtu. Limeshonwa kwa mwili wangu."

Kesho yake alfajiri tukaondoka.

Kutoka mwaloni hadi Bunda

Editha na wadogo zake tuliwaacha kwa bibi yao. Tulibeba begi moja, mkeka, blanketi, na kiroba cha dagaa waliokauka vizuri, zawadi ya wifi yangu Perusi wa Kamunyonge, Musoma mjini, ambaye tungelala kwake. Nyumba ya Perusi ni ndogo, ndiyo maana ya mkeka. Kosa letu lilianzia kwenye huo mzigo, ingawa hatukulijua. Huku kwetu, mume na mke wakionekana barabarani alfajiri na mkeka, blanketi na kiroba cha chakula, hakuna anayehitaji kuuliza.

Fuso iliyokuwa inatoka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kupeleka magunia ya dagaa Bunda ilisimama bila hata kupungiwa mkono. Dereva alimshusha utingo wake akakae juu ya magunia, sisi akatupa nafasi mbele. Hajawahi kunifanyia hivyo, na dereva huyo nimemjua miaka.

"Poleni sana," akasema tulipoanza kuondoka. "Ni nani?"

"Nani nini?" akauliza Masatu.

"Aliyefariki."

"Hakuna aliyefariki. Tunakwenda kutembea."

Dereva aliendesha hadi tukavuka kijiji cha pili. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Haya. Nani kawaita huko Musoma?"

"Wifi yangu anajua tunakuja," nikasema.

"Basi hamjaambiwa tu. Mkifika mtaambiwa."

Mnajua alichokuwa anawaza. Huku mtu hapigiwi simu akaambiwa baba yako amekufa. Anaambiwa njoo, mzee anaumwa kidogo, na akifika kwenye kona ya nyumba anasikia vilio. Dereva alitununulia karanga za kuchemsha njiani, akakataa nisitoe kitu. Kila kwenye shimo alipunguza mwendo kama amebeba mayai. Kila alipopunguza mwendo, moyo wangu nao ukaanza kuingiwa na shaka. Mwishowe nikampigia Perusi.

"Wifi, mko wazima wote?"

"Wazima. Kwani?"

"Hata watoto?"

"Wote. Wifi, unaumwa?"

"Hapana. Tunakuja."

Dereva alisikia upande wangu wa mazungumzo, akamtazama Masatu kwa jicho la kusema, unaona, wanaficha.

Bunda, kwa fundi

Gauni la njano lilikuwa kwa fundi Shabani, barazani, jirani na soko. Nilimpelekea kitambaa tangu mwezi uliopita, akaniambia nilifuate Ijumaa. Ijumaa nilimkuta na mwili wa gauni bila mikono, na mkono mmoja uko chini ya cherehani.

"Ningejua una msiba ningelimaliza jana," akasema alipoona mkeka.

"Fundi, msiba wa njano umeuona wapi?"

Akacheka hadi akashika tumbo. "Kweli bwana. Sasa ni sherehe gani? Nikijua sherehe najua shingo niikate vipi. Kipaimara ni shingo ya juu, harusi nashusha kidogo."

"Ni la kutembea na mume wangu Musoma."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. Alimtazama Masatu kwa muda, kuanzia kandambili hadi kofia.

"Ndugu yangu," akamwambia taratibu, "umemfanyia kosa gani?"

"Bado sijafanya," akajibu Masatu.

"Basi unalipia mapema. Akili hiyo."

Alishona mkono wa kwanza kwa haraka, nikaanza kuwa na matumaini. Ndipo adhana ikaita. Ilikuwa Ijumaa, na Shabani haikosi swala ya Ijumaa kwa gauni la mtu yeyote. Alifunika cherehani kwa kitambaa, akanawa, akaenda, na mkono wa pili ukabaki ule ule kipande. Basi la Musoma tuliloliona asubuhi likipakia abiria likaondoka tukiwa tumekaa pale pale barazani tukilinda duka lake.

Hatukukaa na njaa. Ng'ambo ya barabara kuna mama anapika kichuri, na Masatu alileta bakuli mbili. Kwa asiyejua, kichuri ni supu ya nyama iliyotiwa nyongo, chungu inayokamata nyuma ya ulimi na kukaa hapo. Mimi nilizaliwa ziwani, nimekulia samaki, sikuwahi kuimaliza bakuli ya kichuri maishani. Siku hiyo niliimaliza. Nilikuwa nimeshasema nakwenda kufanya nisiyoyafanya, na nikaona nianzie hapo.

Shabani alirudi na kofia yake nyeupe, akakaa, akashona mkono wa pili. Gauni lilipokuwa tayari nililijaribu nyuma ya pazia la duka. Shingo ilikuwa imeshuka kuliko nilivyomwagiza.

"Fundi!"

"Hiyo ndiyo ya kutembea na mume," akasema. "Ukitaka ya kipaimara mlete mtoto."

Kiabakari, na gari la watu wengine

Tulipata mchomoko, zile gari ndogo za kuchangia, na dereva akaapa kwamba anafika Musoma. Alifika Kiabakari. Abiria wengine wawili walishuka pale, akatuangalia sisi tuliobaki, akasema mafuta hayalipi. Hatukugombana naye sana. Tulikaa kando ya barabara na mzigo wetu, jua limetupiga, mbele yetu wauza nyanya na nyuma yetu wachimba dhahabu wenye vumbi hadi kwenye kope.

Baada ya muda mrefu ikaja kenta, nyuma imejaa watu. Ikasimama yenyewe.

"Jamani, poleni na njia. Pandeni," mwanamke mmoja akaita.

"Mnafika Butiama?" akauliza Masatu. Kutoka Butiama kuna magari ya kwenda Musoma, kwa hiyo wazo halikuwa baya.

"Si ndiko tunakokwenda wote?"

Tulipandia nyuma. Kama tungepitia mbele ya gari tungeona matawi yaliyofungwa kwenye bampa. Mtu mmoja alipokea kiroba changu cha dagaa, akampa mwingine, mwingine akampa mwingine, kikaenda hadi mbele kulikokuwa na unga na maharage. Nilidhani wananitunzia. Mama aliyekaa karibu nami akanishika mkono, akaushikilia.

"Ulikuwaga naye karibu?" akaniuliza.

"Na nani, mama?"

"Mzee."

Nikanyanyua macho. Nikaona kwamba kina mama wote wamejifunga kanga viunoni, na hakuna anayecheka. Nikamtafuta Masatu. Alikuwa upande wa wanaume, na tayari alikuwa amekabidhiwa jembe, amelishika wima katikati ya magoti, anaangalia barabara.

"Masatu," nikamwambia kwa Kijita chetu, sauti ya chini. "Tumefiwa."

Butiama

Tulipofika nilitaka kueleza pale pale tuliposhukia, lakini msiba una kasi yake. Wanaume walimchukua Masatu kwenda kaburini. Ardhi ya kule ina mawe, na waliokuwa wanachimba tangu asubuhi walikuwa wamechoka. Mwanaume aliyeshika jembe msibani haulizwi jina. Kiroba changu kilipita mbele yangu kikielekea jikoni. Mimi nilipewa sehemu kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, na mkeka wenyewe ulikuwa wangu.

Nilikaa hapo nikijiuliza nifanye nini. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Tungezika, tungekula, tungeondoka na asubuhi hakuna ambaye angetukumbuka. Lakini nilikuwa nimemwambia mchungaji ukweli usoni na ukanigharimu. Sikuona kwa nini nianze kudanganya kwa watu ambao hata hawajanitisha. Niliinuka, nikaingia ndani alikokaa mjane.

Alikuwa bibi mwembamba, miguu ameinyoosha mbele yake, wanawake wenzake wamemzunguka. Nikapiga magoti.

"Mama, pole sana. Nimekuja kukuambia kwamba sisi si wa hapa. Marehemu hatumjui. Tulipanda gari tukidhani linakwenda Butiama tu. Tunakwenda Musoma, kwenye tamasha."

Bibi akaegemea mbele.

"Tamasha la nini?"

"La ngoma, mama. La bure."

"Na yule mwanaume mpya anayechimba kaburi la mzee wangu?"

"Ni mume wangu."

"Ndiye anayekupeleka kwenye ngoma?"

"Ndiye aliyesema twende."

Bibi alifikiri. Alipindisha shingo akachungulia dirishani, kule wanakochimba, akamwona Masatu anarusha udongo.

"Anachimba vizuri huyo. Mwacheni amalize," akawaambia wenzake. Kisha akanigeukia. "Halafu nendeni, mwanangu, kabla hajabadilisha mawazo."

Wanawake walicheka, viganja mdomoni, mabega yakitikisika. Mmoja aliniambia, "Dagaa wako tu ndio tatizo. Wameshaingia kwenye sufuria."

Jeneza lilikuwa litoke kabla jua halijashuka sana, na kwaya iliyotazamiwa kutoka kijiji cha Buswahili ilikuwa haijafika. Gari lao lilikuwa limeharibika njiani. Wanaume walianza kutazamana. Bibi akauliza kama kuna anayeweza kuanzisha wimbo, na kila mwanamke akamtazama mwenzake. Nilisema mimi huwa naanzisha kwetu.

"Si ulisema mzee wetu humjui?" bibi akasema. "Basi anzisha, tujuane."

Nilianzisha. Walidaka mstari wa pili, na wa tatu ulikuwa wao kuliko wangu. Marehemu alikuwa ameacha vitukuu, na mtu wa umri ule watu wa kule hawamsindikizi kwa kutembea tu. Walicheza. Walicheza kutoka mlangoni hadi kaburini, vumbi likapanda, wazee kwa vijana, na mchungaji wao akiwa mbele anapiga makofi. Mimi nilicheza katikati yao, na hakuna aliyeniuliza joho langu liko wapi.

Tulikula kwa watu: ugali wa muhogo, nyama, na dagaa wangu mwenyewe, ambao mama mmoja alinisifia kwamba ni wazuri, sijui wametoka wapi. Tulipoaga, bibi aliagiza tufungiwe nyama kwenye jani la mgomba, "ya huyo wifi yako." Mkeka wangu nao nilirudishiwa, umejaa mchanga.

Kamunyonge

Usiku ulikuwa umeingia tulipobisha hodi kwa Perusi. Alitutazama: Masatu ana udongo hadi kwenye nyusi, mimi nimekauka sauti.

"Na hiyo nyama?"

"Yako. Imetoka msibani."

"Msiba wa nani?"

"Hatumjui," akasema kaka yake.

Perusi alikaa kwenye kiti akasimuliwa yote tangu mwanzo. Alipiga mayowe ya kicheko hadi jirani akachungulia uani. "Kaka! Mmetoka ziwani kwenda kwenye ngoma, mmekwenda kuzika mtu wa watu, na dagaa wangu mmewaacha huko huko?" Kisha akaacha kucheka, akanitazama mimi. "Lakini wifi, mchungaji wenu akisikia unacheza hadharani, utafanyaje?"

"Alishasikia kabla sijacheza," nikamwambia.

Kiwanjani

Nilivaa gauni la njano Jumamosi. Masatu aliangalia shingo, akasema Shabani ni fundi.

Tamasha lilichelewa kuanza, kama tamasha la bure linavyochelewa. Kwanza tulingoja jenereta, kisha tukangoja wageni, kisha wageni wakahutubia. Kila mmoja alisema hatasema mengi. Lakini ziwa lilikuwa pale pale, upepo unaingia, na watu walikuwa wamekaa juu ya mawe na kwenye nyasi, wamechukua watoto, wamechukua chakula. Nilihesabu moyoni ni wangapi wamekuja mume na mke. Walikuwepo wachache, na wengi wao wamekaa mbalimbali kidogo, kama watu waliokutana kwa bahati. Masatu alitandika mkeka wetu katikati na kuniita kwa sauti nikae.

Ngoma zilipoanza nilisahau wageni wote. Walikuja wacheza ngoma waliosimama juu ya vibao vinene miguuni, wakaruka na kutua pamoja, na ardhi ikaitikia chini ya mkeka. Akaja mzee na litungu, anazipiga nyuzi zake kama anabishana nazo. Wakaja vijana wa muziki wa siku hizi, ambao maneno yao sikuyashika, ila mdundo haukuhitaji maneno. Kwenye mashindano ya mitumbwi Masatu alisimama akawafokea wapiga makasia wasiomjua, akiwafundisha wapige wapi, na wanaume waliokaa karibu nasi wakaanza kumfokea yeye.

Mchana ukiwa umepoa, mshereheshaji akashuka jukwaani na kipaza sauti, anatafuta wenye ndoa.

"Mume na mke walio hapa pamoja, wako wapi? Musoma, msiniangushe! Wamebaki nyumbani wanachunga mbuzi?"

Nikaona mkono wa Masatu uko juu. Nikamvuta shati, haukushuka. Tulisukumwa hadi mbele.

"Karibuni sana! Mnasherehekea nini? Miaka mingapi ya ndoa leo?"

"Hakuna," akasema Masatu.

"Siku ya kuzaliwa ya mama?"

"Hapana."

"Mmepata mjukuu?"

"Bado."

"Sasa mzee, umemvalisha mama gauni kama hili, umemleta Musoma, kwa sababu gani?"

Masatu hajui kuongea mbele za watu. Alikishika kipaza sauti kama anashika samaki aliye hai, akatazama umati, akatazama ziwa.

"Mwezi ni mkubwa," akasema. "Dagaa hawavuliwi."

Kisha upande mzima wa kiwanja, kule walikokaa watu wa mialo na visiwa, ukasimama. Wanaume walirusha kofia juu. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu kila mke wa mvuvi pale alijua siku hizo za mwezi mkubwa mume wake huzitumia wapi, wala si pamoja naye. Mpiga litungu akaanza bila kuambiwa. Masatu akanigeukia, akanyoosha mikono, nami nikacheza. Nilicheza hatua zile zile za Butiama, maana ndizo ninazozijua. Simu zilikuwa nyingi juu yetu. Niliziona. Sikushusha uso.

Kurudi

Jumapili asubuhi tulinunua sato sokoni Mwigobero, mama mmoja akatukaangia, tukaenda kumla kwenye mawe. Ujumbe ulifika tukiwa katikati ya samaki. Aliuandika Mama Yakobo, ambaye huimba pembeni yangu: video imefika kwenye kundi la kanisa, na ibadani mchungaji amesoma jina lako, amesema usivae tena joho. Kesi itaamuliwa na wazee.

Nilimpa Masatu simu asome. Alisoma, akanirudishia.

"Unataka turudi sasa hivi?" akauliza.

"Kuna ngoma mchana," nikasema. "Tumetoka mbali."

Tukarudi kiwanjani, tukakaa mpaka ngoma ya mwisho. Tuliondoka Musoma Jumatatu, kwa basi lililotufikisha Bunda bila tukio la kuandika. Pale Bunda ilisimama fuso ile ile, imeshusha magunia. Dereva alituona, akatoa kofia.

"Mliambiwa?" akauliza.

Masatu alinitazama, kisha akamjibu, "Tuliambiwa."

"Ni nani?"

"Mzee mmoja wa Butiama."

"Nilijua mimi," akasema dereva, na akatufungulia mlango wa mbele.

Kanisani

Sikungoja kuitwa. Jumanne nilikwenda mwenyewe kwa mchungaji. Ni mtu mwema, alinikaribisha kiti, mkewe akaleta uji. Alikuwa na video kwenye simu na alinionyesha, kana kwamba sikuwepo.

"Mama Editha, huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Ijumaa nilicheza hivyo hivyo Butiama, kwenye maziko. Video hiyo hukutumiwa?"

Akashangaa. Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, na nilimwona anataka kucheka pale kwenye jembe la Masatu.

"Lakini ile ya msiba ina sababu," akasema.

"Na hii ilikuwa na mume wangu."

"Mama, wasichana wanakuangalia wewe. Nitawaambia nini?"

"Waambie niliondoka na mume wangu na nikarudi na mume wangu."

Akakoroga uji wake. Akasema uamuzi si wake tena, amewaachia wazee; nikikubali kusimama mbele ya ibada na kutubu, atalirudisha joho siku hiyo hiyo. Nilimwambia kusimama nitasimama. Ila nikisimama nitaeleza nilichoona, kuanzia fuso hadi sato, na watu wenyewe waamue nitubu kipi. Akasema basi tungoje wazee.

Na wazee ni wavuvi. Mwezi umepungua, mitumbwi imerudi majini, kila jioni wanaondoka na taa zao, asubuhi wanalala. Kikao hakiwezi kukaa mpaka mwezi uwe mkubwa tena. Masatu naye ni mmoja wa wanaoondoka. Akishusha mtumbwi, wenzake humuuliza kwa dhihaka safari ya mwezi ujao ni ya wapi, na wawili kati ya hao, nimesikia, wameshaulizwa swali hilo hilo na wake zao.

Jumapili iliyopita nilikwenda ibadani na gauni la njano, nikakaa benchi la nyuma. Joho langu lilikuwa kwenye msumari, hakuna aliyeligusa. Mchungaji akatangaza wimbo wa kwaya. Wenzangu wakasimama wote, majoho ya bluu, kola nyeupe, wakatazama mbele. Kanisa likangoja. Hakuna aliyeanzisha. Mchungaji akasubiri, akasafisha koo, akatangaza wimbo mara ya pili. Mama Yakobo akatazama sakafu, na wengine wote wakatazama sakafu, kama walivyofanya siku ile, lakini hakuna aliyekaa.

Ndipo mchungaji akanitazama mimi kule nyuma, na kanisa zima likageuka. Sauti ya kwanza ilikuwa tayari kooni. Niliifunga hapo hapo. Niliambiwa nisivae joho, na kuanzisha ni kazi ya mwenye joho.

Walisimama hivyo hadi mahubiri yalipoanza. Jana mazoezi yalikuwepo, wote walifika kwa wakati, na kwaya bado haijaimba.